Majani Mia Nne

Saa kumi na mbili asubuhi majani yote ya mzabibu yaligeuka kwa pamoja kuelekea taa. Kipimahewa kwenye ubavu wa sanduku kikawaka kijani. Mkono mwembamba wa chuma ukashuka kutoka darini, ukapekua matawi, ukanyofoa kishada cha maua kidogo kama ncha ya kidole na kukitupa.

"Umeua tena," alisema Chedego.

Alikuwa na miaka sitini na tatu. Arobaini aliimaliza kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo, mpaka ardhi ilipokauka na vumbi likawafukuza watu, wakahamishiwa Dodoma mjini kwenye maghorofa yaliyozibwa madirisha kuzuia vumbi. Kila nyumba ilipewa sanduku moja la mzabibu-pafu, mti uliotengenezwa maabara. Haukutakiwa kuzaa. Maua yalinyofolewa ili nguvu yote iende kwenye majani.

"Huu si mzabibu. Ni kichaka kimepewa jina la heshima."

"Na wewe ni mkulima umepewa ghorofa," alijibu Mwaja, mkewe. "Mnafanana. Kaeni pamoja."

Alicheka, kikohozi kikamkatiza. Mwezi mzima chakula kilikuwa hakimpiti, na vidonge vya hospitali havikusaidia. Alichotamani ni zabibu nyeusi, zile zenye uchachu kidogo alizokuwa akiziuza barabarani kwa ndoo. Mjini hazikuwepo tena.

Chedego akaufunga ule mkono wa chuma kwa kitambaa. Akachukua mkasi, akapogoa kama baba yake alivyomfundisha: kila tawi akabakiza macho mawili ya kuchipulia, majani yote chini. Hombolo mzabibu ukikatwa hivyo huchipua kwa hasira na kuleta maua, na baada ya miezi minne watu wanakula. Kipimahewa kikawa chekundu, kikaanza kupiga kelele. Akachomoa waya wake.

"Watakufukuza humu, wewe mzee."

"Wakija watakuta zabibu."

Siku ya pili Mwaja alilalamikia kichwa. Siku ya tatu alisinzia kutwa. Chedego naye alijisikia mzito, lakini yeye alikuwa akishinda koridoni kwenye foleni ya maji. Siku ya sita, alasiri, alirudi na ndoo akamkuta mkewe ameketi ameelekea sanduku. Vichipukizi vilikuwa vimetoka. Mwaja alikuwa amekufa.

Fundi wa hewa alifika siku nne baada ya mazishi. Alikuwa dada mmoja aitwaye Nyemo.

"Pole, baba," alisema. Kisha aliliangalia sanduku. "Nani amekata?"

"Mimi."

"Yalikuwa majani mia nne. Mia mbili kwa kila mtu. Chumba hiki hakina bomba la hewa, baba, liko koridoni tu. Mabomba yalikuwa ghali, wakaweka miti. Mlichokuwa mnavuta kilitoka kwenye haya majani. Wewe umepona kwa sababu ya matanga, mlango ulikuwa wazi."

Chedego alikaa chini. "Niliambiwa nisikate. Sikuambiwa kwa nini."

"Ingeandikwa kwenye sanduku, nani angekubali kuhamia?"

"Kwa hiyo wewe ulijua."

"Nilijua."

 Chedego hakuwa na nguvu ya kumtukana.

"Baba, kuna mwingine aliyekata?"

 Ghorofa ile yote ilikuwa ya watu wa zabibu, wa Hombolo na Mpunguzi. Walikuja kumpa pole, wakaviona vichipukizi, wakauliza amefanyaje. Naye, ili asilie mbele ya watu, alisimama akawaonyesha: chomoa waya, kata hapa, bakiza macho mawili. Aliwaonyesha vizuri. Wakaondoka na mkasi wake, wakipokezana.

"Wote," alisema.

Nyemo alishatoka mbio. Chedego akamfuata.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na Malogo, macho mekundu, amejishika kichwa.

"Mzee Chedego! Njoo uone, wangu umeanza kuchipua."

"Toka nje," Chedego alisema. "Mtoe na mkeo. Toka!"

Mlango wa pili waligonga wote wawili, yeye kwa ngumi, Nyemo kwa nyundo yake ya kazi. Ndani redio ilikuwa inatangaza bei ya maji. Waligonga mpaka tangazo likaisha na muziki ukaanza, na hakuna aliyekuja kuizima.