Mkono wa Mpuliza Alumini

Teke la mpiga debe pale stendi ya Kibiti lilimkosa mwenzake, likaipata sufuria ya Warda, mama ntilie wa hapo. Supu yote chini. Na wale wawili, waliokuwa wakigombea abiria wa Ndundu, wakaendelea kutwangana juu ya mifupa ya ng'ombe. Ndipo akatokea mwanamume mrefu, ovaroli imejaa vumbi la kijivu linalometameta. Akawakamata kola, mmoja kila mkono, akawatenganisha. Hakumpiga yeyote.

Hilo Warda aliliona. Mume wake wa kwanza alimvunja taya kwa ngumi, na siku ya talaka aliapa: mwanamume mwepesi wa mkono haingii tena nyumbani kwake.

"Pole, dada."

"Ahsante. Na wewe kaka, umelala kwenye majivu?"

"Alumini hiyo. Tunaiyeyusha, tunaipulizia kwenye vyuma vya boti za Mbuchi visiliwe na chumvi. Naitwa Haruna."

"Basi Haruna, ukija kula kwangu jikung'ute kwanza."

Alikuja, akazoea kuja. Simu nazo zikafuata. "Umekula, mpenzi?" "Nitakulaje, ua langu, na chapati zako ziko mbali?" Warda akaanza kuvaa dera la njano na kupaka wanja kabla hata ya kukanda unga.

Ijumaa moja akampelekea chakula karakanani. Kompresa ilikuwa ikinguruma. Fundi mwenzake, Sadala, alikuwa akijipuliza ovaroli kwa mpira wa upepo ili aende msikitini akiwa safi, na vumbi limemzunguka kama wingu. Haruna akamrukia, akamtandika ngumi ya mdomo. Damu ikaruka ukutani. Akamwongeza ya pili, kisha akamburuta nje kwa ukosi.

Hotipoti ikamponyoka Warda. Akakimbia.

"Nisikilize, Warda," Haruna alimwambia kwenye simu. "Feni ya kufyonza vumbi ilikuwa imezimwa, bosi anabana dizeli. Vumbi lile likitanda hewani ni baruti, cheche moja tu inatosha."

"Mume wangu wa kwanza naye, kila alipovunja kitu mwilini mwangu, alikuwa na sababu. Usinipigie tena."

Ijumaa iliyofuata, stendi ilitikisika. Bati la karakana lilipaa juu ya mtaa likizunguka, na moshi mweupe ukapanda nyuma yake. Warda alitupa mwiko, akakimbia miguu mitupu. Nje ya karakana alimkuta Sadala amekaa chini analia, meno mawili ya mbele hayapo.

"Feni imezimwa tena, shemeji, na mimi mjinga nikajipuliza tena! Mtu akawasha grainda, cheche zikaruka. Haruna kanisukuma nje, moto ukamkuta yeye!"

Walimtoa akiwa hai. Hospitalini mikono yake ilifungwa bendeji mpaka viwikoni, na Warda akamlisha uji kwa kijiko.

"Mikono uliyoiogopa," Haruna akasema, "sasa haiui hata mbu."

"Fungua mdomo. Ulimng'oa Sadala meno mawili. Alijifunza nini?"

Haruna alimeza uji. "Hakujifunza kitu."

"Umeona? Uliookoa maisha ni mkono uliosukuma. Wa ngumi haukufaa."

"Niliogopa, Warda. Hofu ikageuka hasira."

"Ukiogopa, piga kelele. Bosi akizima feni, zima kompresa, toka na watu wako, na kazi isimame. Lakini ukiinua ngumi tena, kwangu au kwa mwingine, hunioni."

"Siinui tena." Machozi yalimlengalenga. "Nimtume mshenga kwa mjomba wako kule Ruaruke?"

"Mimi hapa!" Sadala akadakia kutoka miguuni pa kitanda, maneno yakimtoka kwa mluzi.

Warda alimfuta Haruna mdomo kwa ncha ya kanga.

"Mtume. Ila asiwe huyu. Mjomba akiliona pengo hilo atauliza nani kalitoboa, na mimi simwongopei mjomba."