Mwanya wa Kavinya

Asubuhi za mtaa wa Mbotela huanzia mferejini. Kabla jua halijafika juu ya mapaa, foleni ya mitungi huwa imeshajipanga, na wenye mitungi wamesimama kando wakipiga soga na kuchekana. Kavinya, binti wa Nyamai mchongaji vinyago, alikuwa darasa la saba mwaka huo wa tisini na sita, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuteka maji kabla ya kwenda shule. Maji hayakumsumbua. Kilichomsumbua ni kicheko. Watu wakiangua kicheko, yeye alifunika mdomo kwa kiganja kwanza, ndipo acheke.

Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yameachana. Mama yake, Kamene, naye alikuwa na mwanya, na baba alipenda kusema kwamba ndio uliomfanya asahau njia ya kurudi kwao Wamunyu. Lakini mwanya wa mama ulikuwa wa kiasi. Wa Kavinya ulipanuka hadi ncha ya ulimi ikapenya. Nyumbani walimwambia ni urembo. Shuleni walimwita Geti. Haya, mwambie mtoto wa darasa la saba achague atakayemwamini, wa nyumbani au wa shuleni, uone.

Aliyempa jina hilo hakuwa adui. Alikuwa Waithera, rafiki yake wa dawati moja, yule aliyemkatia nusu ya mandazi yake kila mapumziko. Watoto ndivyo walivyo. Anayekulisha ndiye anayekubatiza, na jina likishakubalika darasani, hata wewe mwenyewe unaliitikia.

Ila kuna kitu kimoja ambacho hakuna aliyethubutu kumchekea Kavinya, nacho ni sauti. Akikariri shairi, hata wale watundu wa nyuma walikoma kurushiana vipande vya chaki. Muhula wa pili ulipoanza, Mwalimu Batulo alimteua aongoze shairi la darasa katika tamasha la muziki. Wengine wangesimama nyuma wakiitikia, naye angesimama mbele peke yake na kuyatamka maneno ya kwanza na ya mwisho. Shule nzima ilijua. Kavinya alitembea na habari hiyo kifuani kutwa nzima, na usiku hakupata usingizi kwa furaha.

Furaha hiyo haikudumu. Waithera alichelewa kurudi kutoka likizoni, akaja na waya za kunyoosha meno. Baba yake aliuza nguo za mitumba katika soko la Gikomba na biashara ilikuwa imemnyookea, kwa hiyo akampeleka kwa daktari wa mjini. Darasa lilimzunguka Waithera kama anagawa peremende. Alipomaliza kuonyesha waya zake, alimgeukia Kavinya.

"Na wewe unangoja nini? Waamuzi wanaangalia mdomo. Utasimama mbele ya watu wote na hilo geti wazi?"

Pengine hakukusudia ubaya. Lakini maneno yalishatoka, na jioni ile Kavinya hakula. Nyamai alianza kwa kumcheka, kama baba wengi wafanyavyo wasipojua la kufanya. Alipoona machozi hayakauki, aliacha kazi siku moja akampeleka kwa daktari wa meno katika hospitali moja mjini.

Daktari Jimale alikuwa mtu mwembamba, wa maneno machache. Alimkagua Kavinya kinywa chote akasema kwamba meno ni mazima na fizi ni safi. Mwanya unaweza kuzibwa, akaeleza, kwa waya kama za yule mwenzake au kwa kibati cha plastiki cha kuvaa na kuvua, lakini ni kazi ya zaidi ya mwaka mmoja, na kila mwezi lazima arudi kukaguliwa. Jino halikupigiliwa kama msumari ukutani. Limeshikwa na nyuzi ndogo zilizo hai, na ukilisukuma, mfupa hubomoka upande mmoja ukajijenga upande wa pili. Ukiuharakisha, unabomoka tu. Halafu akamuuliza mtoto mwenyewe kama mwanya ule unamzuia kula. Hapana. Unamzuia kusema? Hapana, daktari.

"Basi ni nani anayetaka uzibwe? Ni wewe au ni wenzako?"

Swali lilimchoma Kavinya kwa sababu alilijua jibu lake.

Nyumbani wazazi walilijadili jambo hilo mbele yake. Mama aliona taabu ile yote haina maana, mtoto haumwi na wala hajalemaa. Baba alikiri kwamba gharama imemshinda kwa sasa, lakini akasema kama Kavinya bado atataka ule mwanya uzibwe akimaliza darasa la nane, watarudi kwa daktari.

"Sijasema hapana," alimwambia. "Nimesema ngoja."

Kavinya alisikia hapana. Tamasha lingefanyika kabla ya muhula kwisha. Darasa la nane lilikuwa mbali huko.

Jumamosi Kavinya alienda karakanani kumsaidia baba kupiga msasa. Wachongaji waliketi chini ya bati, magogo ya mti wa muhugu mapajani, tezo zikilia ko, ko, ko. Siku hiyo swala mmoja mkubwa wa kuchongwa alikuwa amepasuka shingoni, ufa wa kuingiza ukucha. Kitu kama hicho humtia mchongaji uchungu, maana ni kazi ya siku nyingi. Nyamai hakuhangaika. Alipaka gundi ndani ya ufa, akachukua ukanda wa tyubu ya baiskeli, akauvuta kwa nguvu na kuizungushia shingo ya swala mara kadhaa, kisha akamweka kando. Baadaye alipoufungua ule mpira, Kavinya aliutafuta ufa kwa kidole asiuone.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Kwenye kopo la baba mlikuwa na vipande vya ule mpira mwembamba wa kwenye vali ya baiskeli. Alichukua kimoja akakificha mfukoni. Nyumbani alikikata kwa wembe akapata kipete kidogo, akakivuta na kukivalisha kwenye meno yake mawili ya mbele, yote kwa pamoja. Kilibana. Kiliuma kidogo, maumivu ya kuvumilika. Akalala nacho.

Na kilifanya kazi! Ndiyo maana hadithi hii inaniuma. Kingeshindwa siku ya kwanza, angekitupa na mambo yakaishia hapo. Lakini mwanya ulianza kupungua, kila asubuhi aliona tofauti kwenye kioo cha baba cha kunyolea ndevu. Kabla ya wiki ya pili kwisha, meno yalikuwa yamegusana. Waithera alishika mdomo kwa mshangao akamuuliza amefanyaje. Kavinya akajibu kwamba yamejirudi yenyewe. Mama pia aliuliza, naye akaambiwa hivyo hivyo, na kwa kuwa meno ya watoto hubadilika, mama akaliacha.

Asubuhi moja Kavinya alikitafuta kile kipete kwa ulimi asikipate. Alidhani amekimeza na ugali. Mwanya ulikuwa umeziba, kwa hiyo hakujali.

Kumbe hakukimeza. Jino la juu ni pana pale linapoonekana, na jembamba kule linakoingilia ufizini. Mpira ukibana, huteleza kuelekea kwembamba. Kile kipete kilikuwa kimepanda, kimepenya chini ya ufizi, na huko ndani kikaendelea kubana polepole bila mtu kukiona.

Ufizi ulianza kuvimba. Ukawa unatoka damu akipiga mswaki, kisha hata asipopiga. Meno yale mawili yakaonekana marefu kuliko wenzake, kama yanajivuta kutoka mahali pake. Kavinya alisukutua maji ya chumvi kwa siri. Muthokoi wa mama, yale mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, chakula alichokipenda kuliko vyote, alikitafuna kwa magego ya upande mmoja akisema ameshiba. Angeweza kusema. Mama alikuwa hapo hapo, meza moja. Lakini kusema kuhusu uvimbe kulikuwa kusema kuhusu kipete, na kuhusu kopo la baba, na kuhusu lile neno "ngoja" alilolipuuza. Kwa hiyo alinyamaza, akihesabu kwamba tamasha likipita atajua la kufanya.

Wiki ya tamasha ilifika. Katika zoezi la mwisho Kavinya alipiga hatua mbele, akavuta pumzi, akaanza. Sauti ilitoka kama kawaida, tamu na ya kujiamini. Mdomo wa chini ulipogusa meno kutamka neno la pili, jino moja lilisukumika mbele kama mlango usio na komeo, na damu ikatiririka hadi kwenye kola ya sare. Alijaribu kuendelea. Watoto waliokuwa nyuma hawakuona kitu wakaitikia kiitikio, na Mwalimu Batulo akainua mkono kuwanyamazisha.

"Fungua mdomo, mwanangu," alimwambia.

Alifungua. Mwalimu alitazama, kisha akamtuma mtoto mmoja akamwite Kamene.

Wazazi wote wawili walimpeleka mjini. Daktari Jimale alipiga picha ya taya, lakini mpira hauonekani kwenye picha. Kilichoonekana ni mfupa uliolika pande zote za meno mawili, hadi karibu na ncha za mizizi. Alimchoma sindano ya ganzi, akafunua ufizi taratibu, akatoa kitu kidogo cheusi na kukiweka kwenye kibakuli cha chuma. Aliuliza ni nini. Kavinya hakuwa na haja ya kujibu, kwa sababu Nyamai alikuwa ameshainama juu ya kibakuli. Mpira ule aliujua. Alirudi nyuma akaketi kwenye benchi.

Mama aliuliza kama meno yanaweza kuokolewa. Daktari hakumficha. Alisema hakuna kilichobaki cha kuyashika. Angeletwa siku za mwanzo ufizi ulipoanza kuvimba, kipete kingetolewa na huenda yangepona. Kavinya aliyasikia hayo akiwa amelala kwenye kiti, macho kwenye taa, na machozi yakamwingia masikioni. Meno yote mawili yaling'olewa siku ile ile. Yalikuwa mazima, hayana hata doa.

Tamasha lilifanyika. Waithera ndiye aliyesimama mbele, kwa kuwa ndiye pekee mwingine aliyeyajua maneno yote. Kavinya alibaki nyumbani na pamba mdomoni, akiyakariri moyoni kwa wakati ambao alidhani wenzake wanayatamka. Jioni Waithera alikuja kumwona. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kisha akalia kwa sauti hadi mama akaja kumtoa. Kuanzia siku hiyo hakulitaja tena jina la Geti. Lakini hilo halimrudishii mtu jino.

Vidonda vilipopona, Daktari Jimale alimpima ili atengenezewe meno ya bandia, mawili, yaliyoshikiliwa na kibati cha plastiki cha kubandika kwenye kaakaa. Lilibaki jambo moja la kuamua. Daktari alilisema taratibu, kama mtu anayejua kwamba linauma.

"Fundi anaweza kuyapanga unavyotaka wewe. Tuyagusanishe, au tuache mwanya?"

Kavinya alimtazama mama yake.

"Uacheni," alisema. "Mdogo. Kama wa Mama."

Kamene alifunika mdomo kwa kiganja, vile vile Kavinya alivyokuwa akifanya mferejini, akageukia ukuta.

Nyamai alikuwa hajamgombeza binti yake tangu siku ya kibakuli, na kimya hicho kilimtisha Kavinya kuliko fimbo. Jumamosi ya kwanza baada ya Kavinya kuvaa meno ya bandia, alimwita karakanani. Yule swala wa shingo iliyopasuka alikuwa bado hajanunuliwa. Baba alikichukua kinyago hicho akakipakata.

"Huyu nilimfunga kwa mpira, na wewe ukaniona," alisema. "Makosa yangu ni kwamba sikukwambia kitu. Muhugu huu umekufa, Kavinya. Nikiubana, hauhisi. Nikikosea, naokota gogo lingine. Mwili wako uko hai, na nilipokuwa nachonga sikuwahi kufikiri kwamba ni lazima niseme hivyo kwa sauti. Nilikucheka ulipolia, na hilo nalo ni langu. Lakini lako ni hili. Uliambiwa ngoja, ukaona ni sawa na kunyimwa. Kisha ulipoumia, ukanyamaza. Mpira peke yake usingekung'oa meno. Mpira ulisaidiwa na ule unyamavu wako wa kila siku, hapo mezani petu, tukikutazama. Siku nyingine ukiumia, hata kama umekosa, njoo useme. Nikukaripie, ndiyo, lakini niwe nimejua."

Kavinya aliitikia kwa kichwa. Kusema bado kulimtia haya, kwa sababu maneno yalitoka na mluzi kidogo pale kibati kilipokuwa hakijakaa sawa. Baba alimpa kipande cha msasa, naye akaketi kando yake wakaendelea na kazi hadi jua likaondoka kwenye bati.

Jioni alipiga mswaki. Meno mengine aliyasugua kinywani, na yale mawili akayasugua kwenye kiganja cha mkono.