Mashine Iliyoitikia Hodi

Kifuko cha mpira hakipumui. Hilo hata mwanafunzi wa uuguzi wa wiki ya kwanza analijua. Mgonjwa akiondoka chumba cha mahututi, kwa miguu yake au kwa machela iliyofunikwa, mashine yake ya kupumulia husafishwa, huchomekwa kifuko cha mpira mahali pa mapafu, kisha huachwa iende kidogo ili ijulikane kama ni nzima. Nesi wa kitanda cha dirishani alikuwa anaifuta kwa kitambaa cha dawa pale taa ya kijani ilipowaka.

Taa ile huwaka kwa sababu moja tu: mgonjwa ameanza kuvuta pumzi mwenyewe. Na kitandani hapakuwa na mtu.

Alimwita fundi. Fundi, mtu wa mizaha, alimweleza kuwa bomba likivuja kidogo, au maji yakituama ndani yake, mashine hudanganyika ikadhani inaombwa hewa. Akakaza viungio, akamwaga maji, akamshauri apunguze filamu za kutisha. Taa ikazimika. Ila palibaki harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, na nesi akajiambia ni sabuni mpya. Mwenye kazi nyingi hana nafasi ya kuogopa.

Mchana ule ule waliletewa kijana mwenye midomo iliyogeuka rangi, mapafu yamejaa, pumzi zinamkimbia. Nesi alipoivuta shuka akamwona mdogo wake wa mwisho, yule waliyemwita Kwikwi. Jina alilipata utotoni kwa namna yake ya kupumua: mbili fupi, kisha moja ndefu, kama mtoto aliyetoka kulia. Alikua, akaota ndevu, kwikwi haikumtoka. Mama yao alimtambua kwayo hata gizani. Na mashine iliyokuwa wazi ni ile ya dirishani tu.

Daktari alimlaza kwa dawa ya usingizi, akampitisha mpira kooni, akaiweka mashine katika mtindo wa kuamrisha. Katika mtindo huo mashine haimsikilizi mtu, inasukuma hewa kwa mwendo wake upende usipende. Siku zile zote Kwikwi alipumua kama saa ya ukutani, na harufu ya majivu haikusikika.

Hali ilipotengemaa kidogo, daktari alianza kufikiria mtindo wa pili. Kuamrisha kunampumzisha mgonjwa, alisema, lakini misuli ya kifua huzoea uvivu, na akikaa sana hataweza kuachana na mashine. Kusaidia ni vingine: mashine hungoja mgonjwa abishe hodi kwa kuvuta kidogo, ndipo imwitikie na kummalizia pumzi. Ila huyu bado yumo usingizini, hajaonyesha dalili ya kuvuta. Wangoje.

Nesi hakuweza kungoja. Mama yao alikuwa amehamia kwenye benchi la ukumbini, hali, halali.

"Dokta, naomba tumjaribu leo," alisema kwa sauti ya chini. "Mama akisikia mtoto anapumua mwenyewe, atapata nguvu."

Daktari alisita, kisha akakubali. Nesi akageuza mtindo kwa mkono wake mwenyewe.

Taa ikawaka papo hapo. Ikawaka tena, na tena. Daktari alicheka kwa faraja, mama akaitwa, akalia hadi ushungi ukalowa. Walipotoka, nesi aliweka kiganja kifuani kwa mdogo wake ili aisikie hodi hiyo kwa ngozi yake, akangoja, na taa ikawaka lakini kifua kikawa kimelala kimya kama meza, kisha ndipo mashine ikasukuma na kifua kikainuka, na ikawa hivyo kila mara, taa kwanza, kifua baadaye, pumzi laini zisizo na kwikwi hata moja, na ile harufu ya majivu mabichi ikaanza kupanda kutoka mdomoni penye mpira, ikamjaa puani, mpaka akaelewa kwa mwili mzima kwamba anayeomba hewa hayumo chini ya kiganja chake.

Akanyoosha mkono airudishe mashine kwenye kuamrisha. Macho ya mgonjwa yakafunguka, ilhali dawa ya usingizi ilikuwa bado inadondoka mshipani. Mkono wake ukamshika nesi kifundo cha mkono, taratibu, kama unavyomzuia mtoto asiguse moto. Naye, kwa hofu, akaacha.

Haikupita wiki, kijana akatoka kwa miguu yake. Nyumbani alikula vizuri, alisalimia vizuri. Majirani walisema hospitali imemponya hata kwikwi. Lakini siku moja mama alimvuta binti yake jikoni na kufunga mlango.

"Mwanangu," alinong'ona, "yule aliyelala chumbani kwa mdogo wako ni nani?"

Wakamleta mganga. Alitega sikio kifuani kwa kijana, akasikiliza sana, kisha akafunga mkoba wake bila kuufungua vizuri.

"Mimi hufukuza aliyejipenyeza," aliwaambia nje. "Huyu alibisha hodi, mkamwitikia."

"Na mwanangu yuko wapi?" mama aliuliza.

Mganga alimtazama nesi, si mama. "Mlango uliomwingiza huyu ndio uliomtoa yule."

Asubuhi nesi alikwenda kazini kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda. Mashine ya dirishani ilikuwa imesafishwa, kifuko kimechomekwa, mtindo umewekwa wa kusaidia. Alisimama mbele yake. Taa ikawaka haraka, mara mbili. Kisha ikawaka tena, na kifuko kikajaa polepole, kwa pumzi moja ndefu.

Mbili fupi, moja ndefu. Ikarudia.

Ukumbini machela ilikuwa inakuja mbio, mama mmoja akilia nyuma yake, na daktari alikuwa anaita kwamba kifuko kichomolewe, mgonjwa hana muda. Nesi aliweka kiganja juu ya mpira wa kifuko. Ulikuwa na joto.

"Dada yako nipo," alisema.

Machela ikaingia. Mkono wake ulikuwa bado juu ya kifuko.