Mundu wa Jesca

Kila siku akirudi shule, Scholastica alivua sare, akala makande yaliyobaki, kisha akakimbilia karakana ya baba yake hapo Mlalo. Baba yake, Valentino, alikuwa mhunzi. Alifua majembe na miundu, na kazi ya kumalizia aliwaachia watoto. Mundu ukishapoa, waligonga ukingo wake kwa nyundo ndogo, pigo karibu na pigo, halafu wakausugua kwa msasa laini na mafuta.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Scholastica peke yake. Kisha akaja kuishi nao Jesca, binti wa shangazi yake aliyekuwa mchuma chai. Jesca alikuwa mpole, msikivu na mwenye subira. Kwa Scholastica, hayo ndiyo yalikuwa makosa yake makubwa.

"Hebu tazama alama za Jesca," baba alisema jioni moja. "Zimebanana kama punje za hindi. Ngozi ya chuma ikipigwa hivi huwa ngumu, haikunjiki. Wewe, Scholastica, unarukaruka, unaacha mapengo."

"Ahsante, mjomba," Jesca akajibu kwa aibu.

"Jumapili kuna maonyesho ya mafundi Lushoto. Nitakwenda na mmoja wenu, yule atakayefanya kazi nzuri."

Scholastica hakula vizuri usiku ule. Tangu lini Jesca asimame na baba mbele za watu? Kwani baba ni wa nani?

Kesho yake baba alikwenda kununua mkaa, na Jesca akaenda kuteka maji. Mezani ulibaki mundu ambao Jesca alikuwa ameugonga kwa ajili ya jirani yao, Mama Esteria. Scholastica akawaza: nikizifuta alama hizi, baba ataamini Jesca hakufanya kazi.

Akaichukua grainda, mashine ya umeme ya kusagia chuma ambayo baba alikuwa amewakataza kabisa kuigusa. Cheche ziliruka. Alama zikafutika moja baada ya nyingine, na chuma kikapata moto hadi kikawa cha buluu. Kwa hofu akaizima mashine, akausugua ule ubuluu kwa msasa mpaka ukatoka. Alipomaliza alitamani kulia. Mundu ulikuwa unang'aa kama kioo! Alitaka kuuharibu sura, kumbe ameupamba.

Hapo hapo Mama Esteria akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ee, mundu wangu ndio huu? Unavyong'aa! Kaufanya nani?"

"Jesca," Scholastica alijibu kwa shida.

"Hongea yake!" Mama Esteria alishukuru kwa Kishambaa. "Mtoto yule ana mikono."

Scholastica angeweza kusema, "Usiuchukue, mama, una kasoro." Lakini sifa zile zilimchoma, na ulimi ukagoma. Mama Esteria akaondoka na mundu wake.

Siku iliyofuata, Mama Esteria alirudi mkono ukiwa umefungwa bendeji. Alikuwa akimkatia ng'ombe wake majani ya guatemala kwenye matuta. Makali yalikunjika, akalazimisha, mundu ukateleza na kumkata kidole. Zahanati walikuwa wamemshona.

Baba aliupeleka mundu kwenye mwanga, akaupapasa. Uso wake ukabadilika.

"Jesca, huu hukuugonga hata kidogo."

"Niliugonga, mjomba. Wote niliugonga."

"Alama ziko wapi? Mtu ameumia, na wewe bado unasema uongo! Kuanzia leo usiishike nyundo yangu. Jumapili nitakwenda na Scholastica."

Basi, Scholastica alikuwa ameshinda. Alikuwa amepata kila alichokitaka, lakini hakuona raha yoyote. Alimtazama Jesca akifuta machozi kwa pindo la kanga, akautazama na mkono wa Mama Esteria.

"Baba," alisema, "Jesca hakukosa. Mimi nilizifuta alama zake kwa grainda. Nilimwonea wivu."

Jesca ndiye aliyezungumza kwanza.

"Mimi nilidhani unanipenda," alisema.

Maneno hayo yalimuuma Scholastica kuliko kiboko. Aliomba radhi kwa Mama Esteria, kwa Jesca na kwa baba yake. Baba naye akamwomba Jesca msamaha kwa kumhukumu haraka. Kisha akaamua kwamba Scholastica ndiye atakayemkatia ng'ombe wa Mama Esteria majani mpaka kidole kipone.

Jumapili, Jesca alikwenda Lushoto na mjomba wake. Scholastica alibaki akiugonga mundu mpya wa Mama Esteria, na safari hii hakuruka mahali. Waliporudi jioni, baba aliupapasa ukingo wote, akaketi karibu naye.

"Umeugonga vizuri," alisema. "Sasa nisikilize, mwanangu. Chuma hupata nguvu kwa mapigo madogo mengi, na mtu hupata sifa kwa kazi ndogo ndogo za kila siku. Siku ile ulifuta mapigo yote ya Jesca. Je, uliongeza hata pigo moja kwenye mundu wako?"

"Hapana, baba."

"Ndivyo wivu ulivyo. Unakuchosha kwa kubomoa kazi ya mwenzako, na yako ukaikuta palepale ulipoiacha."