Pasi ya Mkaa Ndani ya Hema la Miche

Kazi yangu ni ushonaji. Cherehani yangu iko chumba cha nyuma. Kila asubuhi, kabla sijashona hata pindo moja, huangalia kwanza miche yangu ya nyanya.

Miche hiyo inakaa ndani ya hema, humo humo chumba cha nyuma. Usifikirie hema la harusi. Ni hema dogo la kitambaa kizito cheupe, linanifika kiunoni. Nililishona mwenyewe na kulitia zipu. Juu kuna taa, chini kuna vikopo arobaini. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, hatuna uwanja. Lakini kikundi chetu cha akina mama kina shamba dogo nje ya mji. Wenzangu walinipa kazi moja tu: kuotesha miche wakati wa baridi, ili joto likirudi tuipande.

Alhamisi moja nilifungua hema nikakuta miche kumi na tatu imelala. Shina limekuwa jembamba kama uzi, majani yamenyauka. Hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikufa yote. Mbegu zilizobaki hazikujaa hata kijiko.

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakavuma.

Mkosaji nilimjua. Wifi yangu, dada wa mume wangu, analala chumba hicho. Ni msusi, na ana miezi mitatu kwetu. Wiki ile yote nilikuwa nafunga zipu na dirisha kila jioni. Kila asubuhi nakuta vyote viko wazi, baridi inaingia inavyotaka.

"Wifi! Njoo hapa!"

Akaja na mswaki mdomoni.

"Nani kafungua hema langu?"

"Mimi. Chumba kilikuwa kizito, wifi. Kichwa kinanigonga. Naamka nataka kutapika."

"Kichwa, kichwa! Ukifika saluni kinapona! Unajifanya mgonjwa, kumbe unaniulia miche. Ni wivu tu!"

"Wivu wa nyanya?"

Ningekuwa na akili, ningecheka. Sikucheka. Nilifungua mlango wa mbele nikapiga kelele kwenye ngazi, ghorofa zote tatu zikasikia.

"Kikulacho ki nguoni mwako! Namlisha, namlaza, ananiulia miche! Muuaji huyu!"

Mama Pacha wa mlango wa pili akatoa kichwa. "Jirani, hasira hasara."

"Hasara ninayo tayari! Niache na hasira yangu!"

Wifi alisuuza mdomo, akaanza kukunja nguo zake. "Kaka akirudi, mwambie nimeondoka Jumamosi," alisema.

Mume wangu ni dereva wa lori, alikuwa safarini. Nilimpigia nimshitakie dada yake. "Mkimalizana mnipigie," akasema, akakata simu. Na yeye nikamkasirikia.

Kesho yake asubuhi alikuja Bibi Shamba, yule afisa wa kilimo anayefundisha kikundi chetu. Alikuja kuona miche. Wifi alikuwa kwenye kona ya chumba, anafunga begi lake bila kuniangalia.

Bibi Shamba alichuchumaa mbele ya hema. "Unajuaje kama humu kuna joto la kutosha?"

"Naweka mkono." Nikauweka juu, karibu na taa. "Unaona? Joto hilo."

"Miche yako inakaa juu au chini?"

Nikaushusha mkono hadi kwenye vikopo.

"Wewe ni fundi. Mteja akitaka gauni, unampima kwa kumshika bega?"

"Nampima kwa tepu."

"Basi joto nalo lina tepu yake." Akatoa kipimajoto kwenye mkoba, akakisimamisha katikati ya vikopo. Tukasubiri. Kilisoma nyuzi kumi na moja.

"Kumi na moja, na sasa ni saa tatu asubuhi," alisema. "Alfajiri ilikuwa ngapi? Mche wa nyanya unataka ishirini hadi ishirini na tano mchana. Usiku usishuke chini ya kumi na tano. Hema umeliweka kwenye saruji tupu, chini ya dirisha. Kichwa kina joto, miguu iko kwenye barafu. Maji unatoa wapi?"

"Bombani. Namwagilia alfajiri."

"Unaimwagia miche maji ambayo wewe mwenyewe huwezi kuogea!"

Wifi akakohoa. Nilijua ni kicheko kile. Nilimkata jicho.

Kisha Bibi Shamba akaona pasi yangu ya mkaa nyuma ya vikopo. "Hii inafanya nini humu?"

Hapo nilijisikia fundi kweli. "Hiyo ndiyo dawa yangu. Jioni naijaza mkaa wa moto, naiweka juu ya tofali. Nafunga zipu, nafunga dirisha, joto lisitoke. Ila huyu anafungua!"

Bibi Shamba alisimama. Uso ulikuwa umebadilika.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Akamgeukia wifi. "Na wewe kichwa kilianza lini?"

"Jumanne asubuhi. Nikitoka nje kinapungua."

"Mtu analala humu, mkaa unawaka, na wewe unafunga dirisha?" Bibi Shamba alinifokea mbele ya wifi yangu. "Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu. Haina rangi, haina harufu. Huioni, huinusi. Inakuumiza kichwa, inakulegeza, unalala moja kwa moja. Fundi, huyu asingefungua dirisha, leo ungekuwa unashona sanda!"

Nikakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Lakini miche..." nilisema.

"Miche ya kwanza ilikufa kabla hujaleta pasi. Nani alikuwa anafungua hema?"

"Hakuna."

"Basi nani aliiua?"

Nilikasirika, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumkasirikia isipokuwa fundi mmoja mjuaji.

"Ukiona shina limekonda pale chini, hiyo ni kuoza," Bibi Shamba aliendelea. "Udongo wa baridi, uliolowa, na hewa isiyotembea. Miche haitaki kuzibwa pumzi. Na wewe," akamwambia wifi, "nenda zahanati sasa hivi. Waeleze ulilala na mkaa."

Wifi alikwenda, akarudi mchana. Walimpima wakamwambia ana bahati. Alitukuta katikati ya kazi. Tulikuwa tumelihamishia hema kwenye ukuta wa chumba unaopakana na jiko, mbali na dirisha. Chini tuliweka mbao, juu yake makatoni na vipande vya sponji. Nilikata matundu mawili, moja chini na moja juu, nikayashonea wavu ili hewa ipite.

"Taa ndiyo hita yako," alisema Bibi Shamba. "Iwashe jioni, iwake saa zote za baridi. Miche ipumzike mchana kukiwa na joto. Blanketi lizungushe ubavuni tu. Lisiguse taa, lisizibe matundu."

"Na umeme ukikatika?"

"Chupa tatu za maji ya moto, zifungwe kwenye kitambaa. Maji ya kumwagilia yawe vuguvugu, tena mchana, na udongo ukikauka juu. Siku ukinunua hita ya umeme, ikae nje ya hema, mbali na kitambaa chochote. Lakini mkaa, mafuta ya taa, gesi, hapana! Si humu, si chumba chochote wanacholala watu."

Jumamosi asubuhi kipimajoto kilisoma kumi na saba. Wifi ndiye aliyekisoma. Begi lake lilikuwa mlangoni.

"Nisamehe, wifi," nilisema.

"Sikusikii."

"Nisamehe."

"Nitabaki mpaka miche ipandwe, watu waone kama mimi ni muuaji," alisema. "Samahani yako kaa nayo kwanza."

Alibaki. Kila asubuhi na jioni alisoma kipimajoto akaandika namba ukutani kwa chaki. Tulipanda na zile mbegu za mwisho. Hakuna mche mwingine uliolala. Baridi ilipoisha tulikuwa na vikopo arobaini, mashina manene, majani ya kijani.

Siku ya kupanda tulibeba miche kwenye makreti. Tulipotoka tu mlangoni, wifi akasimama kwenye ngazi.

"Sasa niombe radhi."

"Nisamehe, wifi yangu," nilinong'ona.

"Ulinitukana ghorofa tatu zikasikia. Radhi yangu unaninong'oneza?"

Nilikasirika tena, nakiri. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki.

"Nilimsingizia wifi yangu!" nikapaza sauti. Mama Pacha akafungua mlango. "Miche niliiua mimi! Na yeye nusura nimuue!"

Ghorofa ya pili wifi alisimama tena, akaniangalia. Nikarudia. Ghorofa ya kwanza nilirudia bila kuangaliwa, kwa sauti kubwa kuliko zote, mpaka watu wakatoka nje.

"Haya, nimekusikia," alisema wifi. "Shika vizuri hilo kreti, unaimwaga miche."