Kikombe cha Kitanda cha Pili

Mpira wa kulishia wa Houda ulipasuka tena Jumatatu, saa kumi alasiri, na Adélaïde, muuguzi wa wodi ya watoto, akapandwa na hasira. Mara ya tatu hiyo! Mpira huo uliingia kifuani mwa mtoto hadi kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Ndio uliomlisha tangu risasi imharibu utumbo. Adélaïde akaubana upesi kwa kibanio, kati ya ufa na kifua, hewa isiingie. Kisha akautazama ufa. Vialama vinne vidogo, vya meno.

"Umeutafuna?"

"Apana, muganga," Houda akanong'ona. Na kweli, ulikuwa mfupi mno kufika mdomoni.

Balaa lilikuwa hapo hapo. Kuunga mpira ni kukata sehemu mbovu, na kila ukikatwa unafupika. Ulibaki urefu wa vidole vitatu tu nje ya ngozi. Mpira mpya ungetoka wapi, na nchi imewekewa vikwazo? Hata gundi ya kuungia iliishia kwenye ufa huo. Ukipasuka tena, Houda basi.

"Kikombe iligonga tena," akasema Waridi, mama yake, kwa sauti ya chini. "Mbele mpira haijapasuka. Kwa kile kitanda."

Kitanda cha pili kilikuwa kitupu tangu mtoto aliyekilalia, Bonfils, afe.

"Mama Houda, jamani! Niko na watoto makumi mbili, mi peke yangu, na we unaniletea mambo ya vikombe!"

Kesho yake Waridi akamleta Maalim Shakuru kutoka mtaa wa Buyenzi, aje kutoa pepo. Adélaïde akasonya, lakini hakumfukuza. Mzee akasoma dua, akanyunyiza maji. Harufu ya damu mbichi ikajaa chumbani, ingawa sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Ngo, ngo, ngo: sauti ya kikombe cha bati juu ya chuma cha kile kitanda kitupu.

"Mi siwezi kumutoa," akanong'ona maalim. "Ni mutoto. Anaita mutu."

Adélaïde akajua ni nani. Bonfils hakuwa na sauti, akitaka kitu aligonga kikombe, na siku mpira wake ulipopasuka aligonga, akagonga, na Adélaïde, aliyekuwa akigombana na mtu wa stoo juu ya glavu zisizokuwepo, akafoka "Ngoja kidogo!" bila kugeuka, na alipogeuka shuka lilikuwa jekundu na kikombe kingali mkononi mwa mtoto.

Ngo, ngo, ngo. Mpira wa Houda ukaanza kubonyea wenyewe, kama unatafunwa na meno yasiyoonekana.

"Nimefika!" Adélaïde akakimbilia kitanda kitupu, akapiga magoti. "Nimefika, Bonfils. Nilichelewa. Unisamehe, mwanangu."

Kikombe kikanyamaza.

Wiki tano mpira haukupasuka. Kila kikigonga, Adélaïde aliacha alichoshika akakimbia kuitika, na wenzake wakamcheka.

Kisha barabara ya Musaga ikafungwa kwa mapigano, Adélaïde akashindwa kufika kazini. Zamu ikamwangukia muuguzi mwenzake, Odette, peke yake, glavu hakuna, dawa hakuna, watoto wanalia kila upande. Saa kumi alasiri, ngo, ngo, ngo.

"Dada, itika!" Waridi akaruka. "Sema umefika!" Akakikimbilia kitanda yeye mwenyewe. "Nimefika, mwanangu, nimefika!" Lakini kikombe hakikuwa kikimwita mama. Kilitaka muuguzi.

Ngo, ngo, ngo.

"Ngojeni kidogo, jamani!" Odette akafoka, bila kugeuka.

Houda akajishika kifua. Vidole vyake vikalowa damu.