Mtandio Mwekundu Mlangoni

Nyumbani kwa kina Chiriku, hakuna aliyejua Jumamosi itakuwaje mpaka Jumamosi yenyewe ifike. Mama yake alikuwa mwandishi wa habari wa kujitegemea. Hakuajiriwa na gazeti wala redio yoyote. Aliandika na kurekodi habari, kisha akampelekea mhariri aliyezihitaji. Leo angeondoka alfajiri, kesho angelala mpaka mchana, keshokutwa angekunywa chai ya asubuhi jua likizama. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, aliwaambia wenzake shuleni, "Mama yangu hana saa, ana simu."

Habari za redio mama alizirekodia ndani ya kabati la nguo. Ndiyo, kabatini! Alijibana katikati ya magauni na makoti, akafunga mlango, akasomea kwenye simu. Nguo zilizuia mwangwi, na sauti ikatoka safi. Kelele moja tu ilizishinda: cherehani ya mama fundi wa nguo, jirani yao, aliyeshonea barazani nyuma ya ukuta wa kabati hilo. Basi wakapatana. Mama akitaka kurekodi, hutundika mtandio mwekundu kwenye mlango wa nje. Fundi akiuona, huondoa mguu kwenye cherehani na kungoja mpaka utolewe. Hakuwahi kukosea hata siku moja.

Jumamosi hiyo mama alikuwa amerudi asubuhi kutoka kwenye daraja lililovunjika, na sasa alikuwa anamsuka Chiriku. Ahadi hiyo ilikuwa imeahirishwa mara chungu nzima, na Jumatatu iliyofuata darasa lao lingepigwa picha. Upande wa kulia ulikamilika, mistari imenyooka vizuri. Kitana kilipogusa upande wa kushoto, simu ikalia.

"Mhariri, si ulisema jioni?" mama aliuliza huku akisimama. "Sasa hivi? Haya, haya, naileta."

"Mama! Na upande huu je?"

"Nikitoka kabatini, mwanangu."

"Hata jana ulisema hivyo hivyo."

Mama alitundika mtandio mlangoni, akachukua visikilizio vyake, akaingia kabatini.

Chiriku akajitazama kwenye kioo. Upande wa kulia alikuwa msichana nadhifu. Upande wa kushoto alikuwa mtu aliyefukuzwa na nyuki. Alitaka kulia. Wakati huohuo rafiki yake akamwita nje, waende kuruka kamba. Angetokaje na kichwa kile? Alitafuta kitu cha kujifunika, na kilichokuwa karibu zaidi kilikuwa ule mtandio. Alijua kazi yake, alijua vizuri sana. "Nitaurudisha sasa hivi tu," alijiambia. Kila anayekaribia kuharibu jambo hujiambia maneno hayo. Akaufunga kichwani, akaenda zake.

Fundi alikuwa ameinama akikata kitambaa. Alipoinua macho, aliona mlango mtupu. Akajua jirani yake harekodi. Alikuwa na sare za shule za kukamilisha, kwa hiyo akakanyaga cherehani kwa nguvu zote. Kabatini, mama alikuwa ameziba masikio kwa visikilizio na hakusikia kitu. Alimaliza kusoma, na kwa kuwa muda ulikuwa umembana, akaituma habari bila kuisikiliza.

Mhariri hakukawia kupiga simu.

"Dada, hilo daraja limevunjika au linashonwa? Mbona kuna mashine inanguruma nyuma yako? Nataka nyingine safi kabla ya taarifa ya saa saba. Ikichelewa nitampa mtu mwingine nafasi yako, na sisemi ya leo peke yake."

Mama alitoka nje amekunja uso.

"Dada yangu, si tulipatana? Umeniharibia kazi!"

Fundi aliinua kichwa kwa mshangao. "Mtandio haukuwepo, mdogo wangu."

"Nimeutundika kwa mkono wangu huu."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

"Sijasema hivyo. Lakini mtandio haukuota mabawa."

"Umesema bila kusema," fundi alijibu. "Miaka yote nimenyamaza kwa ajili yako, leo unanivunjia heshima mbele za watu. Basi mimi nashona. Katafute kabati kwingine."

Cherehani ikaanza tena, safari hii kwa hasira.

Chiriku alikuwa anarudi, amefika kwenye kona na kuyasikia yote. Aliuvua mtandio na kuuficha chini ya blauzi. Hakuna aliyemwona. Angeweza kuudondosha karibu na mlango, wakasema ni upepo, mambo yakaisha. Lakini alimwona mama akitazama saa kwenye simu yake kila mara, na alimwona fundi akijipangusa macho kwa kipande cha kitambaa cha sare. Watu wawili aliowapenda walikuwa wanaumia, na dawa ilikuwa chini ya blauzi yake.

Akaenda mpaka katikati yao, kichwa wazi, nusu kimesukwa na nusu kimesimama.

"Mama, huu hapa. Niliuchukua mimi, nifunike nywele. Mama fundi hakukosea. Nimekosea mimi."

Cherehani ilinyamaza. Mama alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. Kisha hakumgeukia Chiriku, alimgeukia jirani yake.

"Dada, nisamehe. Kazi yangu ni kuuliza kabla ya kusema, na leo nimesema kabla ya kuuliza."

"Yaishe," fundi alisema, akiuchukua mtandio mkononi mwa Chiriku. "Ingia kabatini haraka! Leo nitaushika mwenyewe."

Alisimama mlangoni kama askari, akaupunga mtandio na kumnyamazisha kila aliyepita, hata muuza ndoo aliyekuwa anatangaza bidhaa zake. Ilipofika saa saba, wote watatu walikuwa barazani mbele ya redio ya fundi. Sauti ya mama ikatoka safi kabisa. Chiriku aliruka juu, fundi akapiga makofi, na mama akaketi chini kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Sikiliza, mwanangu," fundi alimwambia Chiriku. "Kukosea tunakosea sote, hata mimi nimeshawahi kumshonea mtu mikono miwili ya kushoto. Lakini kosa lako ukilinyamazia, mtu mwingine ndiye anayelaumiwa. Leo umesema ukweli wakati hakuna aliyekuona. Ndiyo maana mimi na mama yako bado tunazungumza."

"Asante, mama fundi. Sitaugusa tena."

"Na mimi nina kosa langu," mama alisema. "Ahadi ya kumsuka mtoto ni kazi pia. Njoo hapa."

Chiriku akakaa sakafuni. Kitana kiligusa upande wa kushoto, na simu ikalia. Mama aliitazama, Chiriku akaacha kupumua, fundi akasimamisha sindano.

"Naam, mhariri," mama alisema, simu ameibana kwa bega, vidole havijaacha kusuka. "Kazi hiyo mpya ninaitaka. Ila nitakupigia baadaye kidogo. Sasa hivi nina kichwa cha mtu mikononi."